Kiti cha Gemu na Stuli ya Cherehani: Mgongo Unahitaji Nini?



Kariakoo ni mtaa wenye jina la watu wa kubeba. Jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi wa mizigo wa jeshi la Waingereza, kilichopiga kambi mahali pale baada ya Waingereza kuutwaa mji wa Dar es Salaam mwaka 1916. Hata leo ukipita Mtaa wa Msimbazi au Mtaa wa Kongo utapishana na wachukuzi wenye marobota kichwani na vijana wenye mikokoteni. Lakini ukisimama ukatazama vizuri, utaona kwamba watu walio wengi hawabebi. Wameketi. Mama wa viungo ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Muuza mitumba ameketi juu ya kreti la soda. Fundi wa simu ameinama juu ya meza ndogo, fundi cherehani ameinama juu ya sindano, na karani wa duka amezama katika kiti cha plastiki tangu asubuhi mpaka jioni. Na wote hao, ukiwauliza habari za mgongo, watakushika mkono wakueleze.

Hivi karibuni tulipokea barua ya mama mmoja, mshonaji wa nguo katika mitaa hiyo. Jina lake hatulitaji. Ana mwana wa miaka 19, ambaye mchana anajifunza kuhariri picha za video kwa kompyuta, na usiku hucheza gemu na wenzake mpaka saa sita. Kijana analalamikia shingo na kiuno. Amemwomba mama yake amnunulie kile kiti kirefu kinachofanana na kiti cha gari la mashindano, ambacho vijana hukiita kiti cha gemu. Mama huyo yumo katika mchezo wa kina mama wenzake, na zamu yake ya kupokea fedha imekaribia. Anatuuliza: je, aitoe fedha yote ya mchezo kwa ajili ya kiti hicho? Kitamponya mwanawe? Na kama anunue, anunue kipi?

Mwishoni kabisa, kama mtu anayeongeza neno la kuagia tu, aliandika kwamba hata yeye mgongo unamsumbua tangu miezi minne iliyopita na humwamsha usiku, ila amekwisha zoea, kwani ushonaji ndivyo ulivyo.

Tutajibu kwanza maswali ya kiti. Kisha tutarudi kwenye maneno hayo ya mwisho, maana ndiyo yaliyotutia wasiwasi kuliko yote.

KWA NINI KUKAA KUNACHOSHA MGONGO

Uti wa mgongo ni nguzo iliyojengwa kwa mifupa midogo iitwayo pingili. Kati ya pingili na pingili kuna kitu laini chenye nguvu, kama kijito kidogo cha kulalia, kiitwacho diski. Ukimtazama mtu aliyesimama wima kwa ubavu, utaona mgongo wake umebonyea kidogo kuelekea mbele pale kiunoni. Mtu huyo akiketi vibaya, nyonga huzunguka kwenda nyuma, ule mbonyeo wa kiuno hupotea, na mgongo wote hupinda kama upinde. Misuli ya mgongo hubaki imekaza mahali pamoja kwa muda mrefu. Msuli uliokaza bila kuachia haupati damu ya kutosha, kwa hiyo huchoka na kuuma.

Katika miaka ya 1960 daktari wa mifupa wa Sweden, Alf Nachemson, alipima msukumo ulio ndani ya diski za watu walio hai. Aliona kwamba msukumo huo huongezeka mtu anapoketi akiinama mbele. Mwaka 1999 wataalamu wa Ujerumani walipima tena kwa vyombo vipya, wakaona kwamba mtu aliyeketi akiegemea nyuma kwa utulivu hana msukumo mkubwa kama ilivyodhaniwa. Tunajifunza nini hapo? Kwamba kuketi si dhambi ya mwili. Kinachoumiza ni kuketi umeinama, bila egemeo, na bila kubadilisha mkao kwa saa nyingi.

Wala jambo hili si geni. Mwaka 1700 daktari wa Kiitalia Bernardino Ramazzini, anayehesabiwa kuwa baba wa elimu ya magonjwa ya kazini, alitoa kitabu kuhusu magonjwa ya watu wa kazi mbalimbali. Mafundi wa kushona hakuwasahau. Alieleza jinsi walivyopinda migongo na jinsi miguu yao ilivyokufa ganzi kwa kukaa siku nzima. Aliwashauri wafanye mazoezi ya mwili walau siku za sikukuu. Ni zaidi ya miaka 300 sasa, na fundi wa Kariakoo angeweza kudhani daktari huyo alipita barazani kwake jana.

KITI CHA GEMU KIMETOKA WAPI

Msomaji asiyekijua atakitambua kwa sura. Ni kirefu mpaka kichwani, kina mbavu mbili zilizoinuka ubavuni, kina rangi mbili kali, nyeusi na nyekundu mathalani, na mara nyingi kina mito miwili iliyofungwa kwa kamba, mmoja wa shingo na mmoja wa kiuno. Chini kina gurudumu tano.

Sura hiyo haikubuniwa na madaktari. Imetoka kwenye magari ya mashindano. Kampuni ya DXRacer, ambayo ilianza na viti vya magari, ndiyo iliyotoa kiti cha namna hiyo kwa wachezaji wa gemu mwaka 2006, na wengine wengi wakaiga. Basi tujiulize: zile mbavu za ubavuni ni za nini? Katika gari la mashindano humshika dereva asirushwe huku na huku anapokata kona kwa kasi. Chumbani hakuna kona. Kwa mtu mwenye mabega au mapaja mapana, mbavu hizo humbana tu na kumzuia asijigeuze, na kujigeuza ndiko mgongo unakokuhitaji.

Jambo la pili ni ngozi. Viti vingi vya namna hii hufunikwa kwa ngozi bandia. Katika nchi za baridi haina neno. Katika chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari, ambapo feni ikizimika jasho humtoka hata aliyelala, ngozi hiyo hunata mgongoni na mapajani, na ile ya bei ndogo hubanduka magamba baada ya muda.

Hatusemi kwamba kiti cha gemu hakifai. Kina mambo mazuri mawili: egemeo refu linaloweza kulazwa nyuma, na uwezo wa kupandishwa na kushushwa. Mwaka 2006 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa huko Aberdeen, Scotland, ambapo watu 22 walipigwa picha za mgongo wakiwa wameketi kwa mikao mbalimbali. Ilionekana kwamba mkao wa kuegemea nyuma ulizipunguzia diski mzigo kuliko kukaa wima kabisa kama askari, na kuliko kuinama. Watu 22 ni wachache, lakini jambo lenyewe linaeleweka: ukiegemea, kiti hukubebea sehemu ya uzito wako. Kasoro ni kwamba vijana hununua egemeo hilo, kisha hukaa wameinama mbele kuelekea kioo, na egemeo hubaki nyuma yao bila kazi.

TUVILINGANISHE VITATU VYA BEI KUBWA

Kwa kuwa mama yetu ametuuliza anunue kipi, tutavilinganisha viti vitatu ambavyo ulimwenguni kote husifiwa kuwa vya daraja la juu. Hatufanyi hivyo ili kila mtu akavitafute. Tunataka msomaji ajue fedha hiyo kubwa hulipia nini hasa.

Cha kwanza ni Titan Evo cha Secretlab, kampuni iliyoanzishwa Singapore mwaka 2014. Hiki kina sura ya gari la mashindano, lakini kimerekebishwa. Egemeo la kiuno limejengwa ndani ya kiti, nawe hulipandisha, hulishusha, hulisogeza mbele na nyuma kwa vifundo vya ubavuni. Hakihitaji mto wa kamba. Mto wa kichwa hushikwa kwa sumaku. Sponji yake ni ngumu kiasi, isiyozama upesi. Tena hutengenezwa kwa ukubwa wa namna tatu. Kile cha kawaida ni cha watu wenye urefu wa kuanzia sentimita 170, na walio chini ya hapo hupewa kidogo. Hilo la ukubwa tulikumbuke, tutalirudia.

Cha pili ni Aeron cha Herman Miller wa Marekani, kilichotoka mwaka 1994. Hicho hakikuundwa kwa ajili ya gemu, ni kiti cha ofisini, ingawa wachezaji wengi hukitumia. Waliokibuni, Bill Stumpf na Don Chadwick, walikuwa wamekwisha fanya kazi ya kutafuta kiti kwa ajili ya wazee waketio saa nyingi, ambao ngozi zao huumia kwa joto na kubanwa. Kwa hiyo waliitupa sponji wakatandika wavu mgumu unaopitisha hewa, kama kitanda cha kamba kilichosukwa kwa nyuzi nyembamba. Kwa joto la pwani yetu, wavu unaishinda ngozi bandia. Nacho hutoka kwa ukubwa wa namna tatu, A, B na C. Udhaifu wake ni kwamba ukingo wake ni mgumu, hakipendi mtu akunje miguu juu ya kiti kama vijana wapendavyo.

Cha tatu ni Embody cha kampuni hiyohiyo, kilichotoka mwaka 2008. Mwaka 2020 walitoa toleo lake la wachezaji wa gemu kwa kushirikiana na Logitech. Egemeo lake lina vipande vingi vidogo vinavyocheza pamoja na mgongo, kama mbavu zinavyocheza mtu anapopumua. Kusudi lake si kumshika mtu mahali pamoja bali kumwacha ajisogeze. Urefu wa kikalio pia hubadilishwa kwa mtu wa mapaja marefu au mafupi. Toleo hilo la gemu lilipotoka bei yake ilikuwa dola 1,495 huko Marekani, yaani zaidi ya shilingi milioni 3 za Tanzania kabla ya usafiri na ushuru. Dhamana yake ni miaka 12, na kile cha Singapore hufika miaka 5.

Sasa, ndugu msomaji, ukiondoa majina na rangi, utaona kwamba vyote vitatu vinashindana kwa mambo yaleyale: kikalio kinacholingana na urefu wa mtu, egemeo linaloshika kiuno, mikono ya kiti inayofika kwenye viwiko, na ruhusa ya kujisogeza. Hayo ndiyo yanayolipiwa mamilioni. Na mengi kati ya hayo yaweza kupatikana kwa fedha kidogo, kama utajua kupima.

Tena tahadhari moja. Kiti chenye sura ya gemu si lazima kiwe na matumbo ya gemu. Madukani hukaa viti viwili vyenye mishono ileile na rangi zilezile, kimoja kina chuma na sponji nzito, kingine kina ubao mwembamba na sponji inayobonyea mpaka chini baada ya miezi michache. Ukiketi juu ya sponji iliyokufa unaketi juu ya ubao, ila umelipa bei ya kiti cha fahari.

JINSI YA KUPIMA KITI DUKANI

Usinunue kiti kwa macho. Keti juu yake, tena si dakika moja. Muombe mwenye duka robo saa. Kisha upime hivi:

Kwanza, miguu. Nyayo zote mbili zilale sakafuni, na magoti yapinde kama pembe ya meza. Kama miguu inaning'inia, ukingo wa kiti utabana mapaja, na miguu itakufa ganzi. Viti vingi vya kutoka nje hutengenezwa kwa watu warefu kuliko wengi wetu, na wanawake wetu wengi hawafiki hizo sentimita 170. Kama kiti hakishuki vya kutosha, weka kibao chini ya miguu.

Pili, mapaja. Ukiwa umeegemea mpaka mwisho, vidole viwili au vitatu vipite kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Kama havipiti, kiti ni kirefu mno kwako, na wewe utajivuta mbele na kuliacha egemeo.

Tatu, kiuno. Egemeo liguse pale mgongo unapobonyea, juu kidogo ya mkanda wa suruali. Likigusa mabega tu na kuacha tundu kiunoni, halisaidii.

Nne, mikono. Mabega yalegee, na viwiko vilale juu ya mikono ya kiti bila kuinuliwa. Mikono ya kiti ikigonga meza isikuruhusu kusogea, ni heri kiti kisicho na mikono.

Tano, uthabiti. Kiti cha kuzunguka kiwe na mguu wenye matawi matano, si manne, kisije kikapinduka. Kipandishe na kukishusha mara kadhaa, ukae kwa uzito wako wote uone kama kinazama chenyewe.

Mwisho, usisahau meza. Kioo cha kompyuta kiwe mbali kiasi cha mkono ulionyooshwa, na ukingo wake wa juu ulingane na macho. Kijana mwenye kompyuta ya kukunja ataivunja shingo yake hata akiketi juu ya kiti cha mfalme, kwa sababu kioo kiko chini. Ainue kompyuta kwa vitabu au kijisanduku, anunue kibodi ndogo ya kando. Hiyo ni dawa ya shingo ya bei ndogo kuliko kiti chochote.

KITI CHA FUNDI CHEREHANI

Je, mama mshonaji naye akipewa kiti cha gemu, kitamfaa? Hapana. Kiti kile kimekusudiwa mtu anayeegemea nyuma. Fundi cherehani hufuata sindano, na sindano iko mbele. Hataegemea hata mara moja, na mikono ya kiti itamzuia kugeuza kitambaa. Kiti kizuri cha kazi moja chaweza kuwa kibaya kwa kazi nyingine.

Daktari mpasuaji wa Denmark, A. C. Mandal, aliyeandika juu ya mambo haya katika miaka ya 1970, aliona kwamba watu wanaofanya kazi ya kuinama mezani hupata nafuu kiti kikiinuliwa na kikalio kikiinamishwa kidogo mbele. Nyonga hufunguka, na mbonyeo wa kiuno hubaki. Jambo hilo fundi seremala yeyote wa Keko anaweza kulifanya. Mpelekee vipimo vyako. Mwambie akupe stuli pana isiyo na ncha kali mbele, iliyoinama mbele kiasi cha vidole viwili hivi, ipande kidogo kuliko stuli ya kawaida, na nyuma iwe na egemeo fupi la kiuno kwa ajili ya dakika za kupumzika. Juu yake weka sponji ngumu iliyofunikwa kitambaa cha pamba.

Kisha itazame meza ya cherehani. Kama unalazimika kushusha kichwa ili uone mshono, meza iko chini. Iinue kwa vipande imara vya mbao chini ya miguu yake, uhakikishe haitikisiki na mguu wako bado unafika kwenye pedali bila kunyooka. Weka na taa karibu ya sindano. Mafundi wengi huinama si kwa sababu ya kiti bali kwa sababu ya giza la vichochoro.

Kwa mama wa ndoo na kijana wa kreti ushauri ni mfupi. Tafuteni hata stuli yenye egemeo. Mkikosa, ketini karibu na ukuta au nguzo, mkunje khanga au taulo nene, mwiweke nyuma ya kiuno.

KITI HAKIWEZI KUSIMAMA KWA NIABA YAKO

Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake wa Uingereza walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva, walioketi siku nzima, walipatwa na ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta, ambao kazi yao ilikuwa kupanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Walifanya kazi katika gari moja, kwa saa zilezile. Tofauti kubwa ilikuwa katika miguu.

Kwa hiyo, hata ukipewa kile kiti cha milioni tatu, kikikufanya ukae saa nne bila kuinuka kitakuwa kimekudhuru kwa upole. Kila nusu saa inuka. Nyoosha mikono juu, weka viganja kiunoni uegemee nyuma taratibu mara tano, tembea mpaka mlangoni na kurudi. Mchezaji wa gemu ainuke kila mchezo unapokwisha. Fundi ainuke kila anapomaliza nguo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wapunguze muda wa kuketi, na wapate mazoezi ya wastani ya dakika 150 mpaka 300 kwa juma. Mtu akishuka kwenye mwendokasi kituo kimoja kabla ya kwake, akatembea kwa haraka asubuhi na jioni, atakuwa amekwisha pata sehemu kubwa ya dakika hizo.

MAUMIVU AMBAYO SI YA KITI

Sasa tunarudi kwenye maneno ya mwisho ya barua. Maumivu mengi ya mgongo hutokana na misuli na mkao, na hupungua katika majuma machache. Huongezeka ukiketi, hupungua ukitembea au ukilala. Lakini yako maumivu ambayo hayahusiani na kiti, na ni hatari kuyapa kiti lawama.

Nenda hospitali bila kukawia ukiona dalili hizi: maumivu yasiyopungua hata ukilala, au yanayokuamsha usiku kwa majuma mengi, homa za jioni, jasho la usiku au kupungua mwili, kinundu kinachoota katikati ya uti wa mgongo, maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka, au maumivu kwa mtu aliyewahi kuugua saratani.

Moja ya sababu kubwa hapa kwetu ni kifua kikuu cha uti wa mgongo. Watu wengi hudhani kifua kikuu ni kikohozi tu. La, vijidudu vyake huweza kusafiri kwa damu vikala pingili za mgongo, na mgonjwa asikohoe hata mara moja. Huanza polepole, kama uchovu wa kazi. Mgonjwa hupaka dawa za kuchua, hununua mkanda wa kiuno, hubadilisha kiti. Wakati huo pingili inalika. Ikiporomoka yaweza kubana neva, na miguu ikapooza. Ugonjwa huu hutibika. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali. Hutumiwa kwa miezi mingi bila kukatiza, na aliyeanza mapema huwa na tumaini kubwa la kupona.

Na ukiona miguu inalegea, ganzi katika sehemu za siri na makalio, au mkojo umekuwa mgumu kutoka au unatoka wenyewe, usingoje kesho. Hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo. Walio Kariakoo wako karibu na Amana na Mnazi Mmoja, na kwa mambo makubwa ya mgongo iko Taasisi ya Mifupa Muhimbili.

Neno juu ya mikanda na vidonge. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 haushauri mikanda ya kiuno iwe tiba ya kawaida ya maumivu sugu ya mgongo ambayo hayatokani na ugonjwa maalumu. Unashauri elimu na mazoezi. Na vidonge vya maumivu vinavyonunuliwa dukani na kumezwa kila siku huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Tena hunyamazisha kengele wakati nyumba inaungua.

JIBU LETU KWA MAMA

Mama yetu mpendwa, usitoe fedha yote ya mchezo kwa kiti cha gemu. Mwanao anahitaji kiti imara cha kuzunguka, kinachopanda na kushuka, chenye egemeo la kiuno na ikiwezekana mgongo wa wavu. Aende mwenyewe, aketi robo saa, apime yale mambo matano. Asifuate rangi. Ainue kompyuta yake, ainuke kila nusu saa, na alale kabla ya saa sita. Kama baada ya majuma sita hajapata nafuu, naye aonwe na daktari.

Fedha inayobaki igawe mara mbili. Sehemu moja nenda nayo Keko ukajitengenezee stuli. Mikono yako ndiyo inayolipa hicho kiti cha mwanao, na miguu yako ndiyo inayoendesha cherehani.

Lakini kabla ya stuli na kabla ya kiti, ile sehemu nyingine iwe nauli na gharama ya vipimo. Miezi minne ya mgongo unaokuamsha usiku si jambo la kuzoea. Yawezekana ni misuli tu, nasi tutafurahi kusikia hivyo. Hata hivyo nenda juma hili, umweleze daktari kwamba maumivu ni ya usiku, wala usimwambie kwamba ni kwa ajili ya ushonaji. Hilo mwache alitafute mwenyewe. Ukikwisha kupimwa, tuandikie tena. Tutaingoja barua yako.

Tuonane toleo lijalo, tukijaliwa.